Saa Moja Baada ya Mshtuko

Lori linakatiza ghafla mbele ya bodaboda uliyopanda. Dereva anakwepa, mnasalimika. Kabla hujajua kilichotokea, moyo unakwenda mbio na viganja vimelowa jasho. Hiyo ni kazi ya adrenalini, na huanza ndani ya sekunde chache. Maelezo mengi kuhusu msongo huishia hapo, kana kwamba habari yote ni hatari na mwili unavyoikabili. Sura hii inahusu kinachofuata, pale ubongo unapojirudisha katika hali yake. Kwa maoni yangu, tukitaka kujua ni nani atakayeugua baada ya janga, humo ndimo tutafute kwanza.

Sambamba na adrenalini kuna njia ya pili, ya polepole. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni kwenye tezi ya pituitari. Pituitari nayo huachia homoni nyingine, inayosafiri kwa damu hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na tezi hizo ndizo zinazotoa kotisoli. Safari hiyo huchukua muda: kotisoli hufikia kilele takriban dakika 20 hadi 30 tangu mshtuko uanze. Kufikia hapo lori limeshatokomea zamani. Ya nini basi mwili umwage homoni ya hatari wakati hatari yenyewe haipo tena?

Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba kotikosteroni, ambayo kwa panya hufanya kazi ya kotisoli, huingia ubongoni na kunaswa kwa wingi katika hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu. Kumbe ubongo hauishii kutoa amri. Husikiliza pia majibu yake. Baadaye Ron de Kloet, mtafiti wa Uholanzi, alionyesha kuwa vipokezi vya homoni hiyo ni vya aina mbili. Vya kwanza huinasa hata ikiwa kidogo. Vya pili huhitaji nyingi, kwa hiyo hushika kazi hasa wakati wa msongo, na hivyo ndivyo vinavyoifikishia haipothalamasi taarifa kwamba yatosha. Huingia hadi kwenye kiini cha seli, vikawasha jeni hizi na kuzima zile. Kazi hiyo ni ya saa nzima na zaidi. Polepole amigdala, iliyokuwa ikipiga mbiu ya hatari, hutulia, na gamba la mbele la ubongo, linalopima mambo na kupanga, huanza tena kusikika.

Kwa hiyo kotisoli, homoni tunayoitupia lawama kila siku, ndiyo inayoamuru shughuli ifungwe. Inayodhuru ni ile isiyopata nafasi ya kushuka.

Hata msongo wa wiki nyingi hauachi ubongo bila njia ya kurudi. Conor Liston na wenzake...