Yai la Kasa Halipinduliwi

Mama mwenye kuku, bila shaka umekwisha kumwona mtetea akiatamia. Kila siku huyageuza mayai yake kwa mdomo, na hivyo vifaranga hutoka wazima. Lakini ukiona yai la kasa wa baharini ukalifanyia hivyo, waweza kuliua.

Sababu ni hii. Kasa jike hupanda ufukoni usiku, huchimba shimo mchangani, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, kisha huyafukia na kurudi baharini. Haatamii, joto la mchanga ndilo linalomlelea wanawe. Saa chache baada ya kutagwa, kitoto kinachoanza kuumbika hujishikiza ndani ya ganda, upande wa juu. Ukilipindua yai, hubanduka, na huo ndio mwisho wake.

Kisiwani Mafia, walinzi wa viota ni wanavijiji wenyewe, nao walijua jambo hili. Wakikuta kiota mahali ambapo maji ya bamvua yatafika, hukihamisha upesi, katika saa zile za kwanza. Huyatoa mayai moja moja, upande wa juu ukibaki juu, na kuyazika katika shimo jipya la kina kile kile, mbali na maji.

Kisha ni kungoja, yapata siku 50 hadi 60. Mchanga wenye joto zaidi hutoa majike. Wenye ubaridi kidogo hutoa madume. Kwa hiyo ukikata miti yote ya ufukoni na kuondoa kivuli, madume watapungua.

Watoto hutoka usiku kwa pamoja, wakifuata weupe wa bahari. Taa na tochi huwapoteza njia, zizimeni. Mwanao akitaka kumfuga mmoja katika karai, mkataze kwa upole. Kitoto hicho kimebakiwa na akiba ya kiini tumboni, nayo ni chakula chake cha kuogelea hadi bahari kuu. Akiba hiyo isiishie karaini.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta kiota usikifukue. Kuokota mayai hayo ni kosa kwa sheria. Weka kijiti kando yake, kisha mpelekee habari Bwana Samaki au walinzi siku ile ile. Kasa hukawia miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20, kabla ya kutaga. Anayetaga leo alianguliwa wakati wa wazazi wetu.