SAKAFU ZA JIKONI ZINAVUNJA WAPISHI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huku Moshi limezoeleka mno: kuteleza na kuanguka kwa wapishi wa hoteli na migahawa.

Mpishi akianguka husemwa hakuangalia. Mimi nasema tutazame sakafu kwanza. Majiko mengi yana sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Mafuta yakikutana na maji hapo, hata kijana mwenye miguu imara hasimami. Jioni hupigwa deki kwa maji baridi, ambayo hayaondoi mafuta bali huyatandaza. Na mpishi, akiwa na kandambili zilizolika, ndiye anayebeba sufuria ya mtori unaochemka huku akihimizwa kwamba wateja wanawahi basi. (Wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro hukodishwa viatu visivyoteleza. Anayewapikia huku chini hana.)

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja aliteleza hivyo katika mgahawa mmoja wa mjini. Alivunjika mkono, na mtori ukamuunguza paja. Alipewa nauli ya kupanda kijijini, na kazi akapewa mwingine. Mtoto alikosa shule wiki tatu akikata majani ya ng'ombe. Mama alipodai, aliambiwa hana barua ya ajira, hivyo hana haki.

Hapo alidanganywa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtambua hata aliyeajiriwa kwa mdomo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Mwajiri akishapata habari za ajali ana siku 7 za kuutaarifu Mfuko. Wangapi jikoni wanayajua haya?

Bwana afya akipita huuliza vyeti vya kupimwa wapishi, hutazama choo na pipa la taka. Vizuri. Lakini sakafu je? Kuikwaruza kwa fagio gumu kabla saruji haijakauka hakuna gharama yoyote. Iliyokwisha kukauka ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha ikaushwe kabla mtu hajapita na sufuria.

Naomba Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na maofisa wa kazi wa mkoa wetu watujibu katika gazeti hili: majiko ya migahawa midogo ya Moshi hukaguliwa na nani, na mara ngapi kwa mwaka?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kibosho, Moshi.