Leza ya wawindaji kwa kupima shamba: mambo ya kuuliza kabla ya kulipa Birere

Koperative ikituma mtu Goma kununua vyombo, mara nyingi mtu huyo anaishia Birere. Mpaka wa Gisenyi uko karibu, bidhaa zinaingia, na maduka yamebanana. Kule anaweza kuonyeshwa kifaa kidogo kinachofanana na darubini: unakiweka kwenye jicho, unalenga mti, unabonyeza, na namba ya umbali inatokea. Muuzaji anasema, "Iyi njo ya kisasa, papa. Dekameta ni ya bazee." Pesa ni ya wanachama wote, kwa hiyo tuangalie kwanza kifaa hiki kinaweza nini na kinashindwa wapi.

Kilitengenezwa kwa nani?

Kilitengenezwa kwa wawindaji, na kingine kinachofanana nacho kwa wachezaji wa golfu. Mwindaji anataka kujua mnyama yuko mbali kiasi gani kabla hajapiga. Hapa kwetu kazi hiyo tuiache. Ndani ya Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, kuwinda ni marufuku. Nje ya parke nako, sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai ruhusa. Tunakizungumzia kama chombo cha kupima shamba tu.

Lakini asili yake tusiisahau. Mwindaji hajali sana kama mnyama yuko mita 150 ao 151. Sisi tunajali.

Kinafanya kazi namna gani?

Kinatuma mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga unagonga kitu, unarudi, na kifaa kinahesabu muda uliopita. Kwa kitu kilicho mita 150, mwanga unaenda na kurudi mita 300, na unatumia sehemu moja tu ya milioni moja ya sekunde. Njo maana vifaa vingi vya aina hii vinakosea karibu mita 1, mbele ao nyuma.

Mita hiyo moja inaumiza shamba dogo kuliko shamba kubwa. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Kifaa kikisoma 21 kila upande, mtaandika 441: mmeongeza sehemu moja ya kumi ambayo haiko. Kwa shamba la mita 100 kwa 100, kosa lile lile linaongeza mia mbili hivi juu ya elfu kumi, ni kidogo. Kwa hiyo vipande vidogo vipimwe na dekameta. Leza isaidie pale ambapo kamba haipiti vizuri: kuvuka korongo, kuvuka mawe makali ya volkano, ao shamba refu lenye mahindi yaliyokwisha kupanda juu.

Telefoni yenye GPS nayo inakosea mita kadhaa. Inafaa kuzunguka shamba kubwa, haifai kugawa viwanja vidogo kati ya ndugu.

Maswali matano kwa muuzaji

1. *Iko mita ao yadi?* Hili njo swali la kwanza. Vifaa vingi vinaweza kuonyesha vyote viwili, na vingine vinatoka kiwandani vikiwa kwenye yadi. Yadi 1 ni sentimeta 91 na kidogo. Mkipima 100 kwa 100 mkidhani ni mita, kumbe ni yadi, hamna hekta moja. Mna mita za mraba 8,361 tu. Kwa viazi, tukihesabu tani 2 za mbegu kwa hekta, mtanunua zaidi ya kilo 300 za mbegu ambazo hazina pa kupandwa. Mwambie muuzaji abadilishe mbele yenu, na mjifunze kubadilisha wenyewe.

2. *Inasoma umbali wa mulima?* Masisi na Rutshuru kuna mashamba mengi ya mteremko. Ukilenga kutoka juu kwenda chini, kifaa cha kawaida kinakupa urefu wa mteremko wenyewe. Kwenye mteremko wa digrii 30, mita 100 za mteremko ni kama mita 87 tu zikilazwa sawa. Kifaa chenye kupima pembe kinatoa namba zote mbili. Chagueni namba moja ya kutumia, ile iliyolazwa sawa, na muandike hiyo kila mara. Na dekameta pia: ishikwe sawa, kwa vipande vifupi kama ngazi, isilale juu ya mteremko.

3. *Inachagua kitu cha mbele ao cha nyuma?* Kile cha golfu kwa kawaida kinasoma kitu cha karibu zaidi. Katika shamba kitasoma jani la mtama badala ya mtu aliyesimama mpakani. Vile vya wawindaji vingi vinaruka majani na kusoma kitu cha nyuma. Kwa vyovyote, mtu wa mpakani ashike ubao mweupe juu ya mazao, na asubuhi yenye ukungu msipime.

4. *Inafika mbali gani kweli?* Kwenye boksi wameandika mita 1,000, lakini hiyo ni kwa kitu kinachong'aa. Mti ao mtu atasomeka karibu zaidi, pengine nusu. Msilipie kilometa. Shamba lenu linahitaji mita 200 ao 300.

5. *Betri yake inapatikana wapi?* Vingi vinatumia betri fupi nene yenye alama CR2, si ile ya redio. Kama huko kwenu haipatikani, tafuteni cha kuchaji kwa waya wa telefoni ao kwa sola.

Kuna pia leza ya mafundi wa nyumba, yenye kutoa nukta nyekundu. Hiyo inakosea milimeta chache tu, ni nzuri kwa kupima depo ya mavuno. Lakini nje kwenye jua nukta haionekani.

Jaribu kabla ya kulipa

Njoo Birere asubuhi mapema, njia hazijajaa watu, na ubebe dekameta. Pima mita 30 kutoka ukuta wa duka, weka alama, kisha lenga ukuta ule kwa kifaa mara tano. Namba zikitofautiana zaidi ya mita 1, rudisha. Usilenge jua, lenzi inaweza kukuunguza jicho. Dai fakitire yenye jina la duka na siku za kurudisha.

Usalama wa mtu anayekibeba

Kwa mbali kifaa hiki kinafanana na chombo cha vita. Katika jimbo letu hilo si jambo dogo. Kabla ya kupima, mjulisheni chefu wa kijiji na viongozi wa eneo. Anayepima abebe karatasi ya koperative yenye muhuri, asiende peke yake, na kifaa kikae ndani ya mfuko mpaka shambani. Asilenge kamwe barieri, kambi, uwanja wa ndege ao mpaka wa nchi. Mahali ambapo watu wenye silaha wako karibu, acheni leza nyumbani. Dekameta haimtishi mtu.

Namba peke yake haimalizi ugomvi

Mashine inasema urefu, haisemi shamba ni la nani. Majirani wa pande zote wasimame pale, wakubaliane pembe, ndipo mpime. Andikeni namba kwenye daftari, kila mmoja atie sahihi, na nakala ibaki kwa chefu. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, lava ilifika mpaka Buhene na kufunika nyumba na mashamba. Mti wa mpaka unaweza kuungua, jiwe linaweza kufunikwa. Daftari lenye vipimo na sahihi linaweza kubebwa.

Ushauri wetu kwa kikao chenu: kama mashamba mengi ya wanachama ni chini ya nusu hekta, nunueni dekameta mbili za mita 50 na ubao mweupe, pesa inayobaki iende kwenye mbegu. Kama mna mashamba makubwa ya milimani, koperative mbili ao tatu zinaweza kuchangia leza moja, yenye mita na pembe, na kuteua mtu mmoja wa kuitunza.