Kunguni Safarini: Neno kwa Wanaolala Malazi ya Pamoja

Kila unapoandama mwezi wa Mfunguo Sita, familia nyingi za mwambao huanza kufunga mizigo kwa safari ya Lamu. Wako watokao Mombasa na Malindi, wako wa Mto Tana, na wengine huja kutoka ng'ambo ya bahari. Basi huwafikisha Mokowe, mashua huwavusha, na tangu wakanyagapo gati kila mmoja huwa ni mtu wa miguu. Mji wa Kale, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ni mji wa vichochoro ambamo punda na waja hupishana kwa mabega. Mchana ni kutembea: Langoni hadi Mkomani, na wenye nguvu hufuata ufuo mpaka Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi. Usiku ni kulala pamoja, akina mama na watoto wakipangana ukumbini kwa jamaa, katika chumba cha madrasa, au katika nyumba iliyokodiwa na watu wa mtaa mmoja.

Makala haya hayakuja kuzungumzia Maulidi yenyewe, wala hitilafu za wanazuoni juu yake. Tunataka kuzungumza juu ya kunguni, kiumbe ambaye kila mwenye kulala nje ya kwake amewahi kumhofu, na ambaye hatajwi ila kwa kunong'onezana. Kimya hicho ndicho kinachomlea. Familia hurudi kwao na mzigo isioujua, baada ya mwezi watoto wanajikuna usiku kucha, na mama wa nyumba anaanza kunyunyiza chumbani dawa asiyoijua hata jina.

Kunguni aliyekomaa ana urefu wa takriban milimita 5. Ni bapa kama mbegu ya tofaa, rangi yake ni hudhurungi, na akishashiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Hana mbawa, wala hawezi kuchupa kama kiroboto, hutambaa tu. Wako wa aina mbili wanaomwandama binadamu, na yule wa nchi za joto, ambaye wataalamu humwita Cimex hemipterus, ndiye aghalabu wa mwambao wetu. Jike hutaga mayai meupe ya urefu wa milimita 1 hivi, machache kila siku, na katika umri wake yakafika mamia. Kwa joto letu yai huanguliwa kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Mtoto hujivua ngozi mara 5 kabla ya kukomaa, na kila mara sharti kwanza anywe damu. Hutoka hasa saa za mwisho wa usiku, akivutwa na joto la mwili na pumzi ya mlalaji, hunyonya kwa dakika chache, kisha hurudi mafichoni. Bila ya chakula aweza kungoja kwa wiki nyingi, na penye ubaridi hata miezi, ndiyo maana kukifunga chumba wiki mbili tatu hakumuui.

Mafichoni ni popote panapoingia ukingo wa kadi ya simu: mishono ya godoro, viungo vya kitanda, nyuma ya picha ukutani, pindo za chandarua. Nyumba zetu za mawe, pamoja na uzuri wake wote, zinampa makao mengi. Chokaa ikipasuka huwa ni mlango kwake. Boriti za dari zina nyufa. Na kitanda cha kamba, kila pale kamba inapokutana na mti, ni mtaa mzima. Hapa tuseme wazi jambo linalosahauliwa. Kunguni hafuati uchafu. Anafuata damu, na damu ya msafi kwake ni sawa na ya mchafu. Hoteli za bei ya juu kabisa anazo, na mwaka 2023 mji wa Paris ulitaharuki kwa ajili yake mpaka serikali ya Ufaransa ikaitisha vikao. Mwenye nyumba aliyepatwa na kunguni amepatwa na msiba. Hakufanya kosa.

Alama za mwilini nazo zinadanganya. Wako watu ambao ngozi zao hazionyeshi chochote, na wako ambao upele huwatokea baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili. Mama aliyeumwa Lamu huenda akaanza kujikuna akiwa amelala kwa dada yake Malindi njiani kurudi, na dada akabeba lawama isiyo yake. Tumesikia ya jamaa walionuniana kwa jambo la namna hii, na kwa yakini hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ushahidi ni kumwona mdudu mwenyewe, au magamba aliyojivua, au vitone vyeusi kama wino wa kalamu kwenye mishono ya godoro.

Wanaolijua jambo hili kuliko wengi ni wasafiri wa miguu wa Uhispania. Iko njia ya kale ya hija ya Wakristo inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa mpakani, hadi Santiago de Compostela, karibu kilomita 800, na mtembezi huchukua mwezi mmoja au zaidi kuimaliza. Kila usiku hulala nyumba ya wageni nyingine, katika kumbi za vitanda vingi, na kila asubuhi huondoka na mfuko wake mgongoni. Kwa mdudu anayetambaa tu, hakuna kipando kilicho bora kuliko mfuko huo. Nyumba nyingi za njia ile zimejiwekea desturi: mfuko hauwekwi kitandani hata kwa dakika moja, magodoro yamevikwa plastiki laini isiyo na mikunjo, vitanda vingi ni vya chuma, na mgeni hupewa shuka ya kutumia mara moja tu. Mgeni akisema ameumwa, katika nyumba zilizo makini hatazamwi kwa jicho baya. Nguo zake zote hutiwa katika mashine ya kukaushia kwa joto kali, na chumba hukaguliwa.

Kilichotupendeza katika habari za njia ile ni kwamba mengi yake hayataki fedha. Mwanamke aingiapo chumba cha wageni, kabla hajatandika, aache mabegi mlangoni, kwenye sakafu tupu mbali na ukuta, awashe taa ya simu na kulikagua godoro: pembe nne, mishono, kisha upande wa chini. Apitishe jicho kwenye viungo vya kitanda na mwanzo wa foronya. Panapokuwa na kunguni wengi husikika pia harufu tamu isiyopendeza, kama ya dania iliyovunda. Kazi yote haizidi dakika 5. Nguo zikae ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa fundo, na buibui litundikwe kwenye kamba katikati ya chumba, lisiegemee ukuta. Msala ukunjwe na kurudishwa mfukoni baada ya sala, usiachwe juu ya magodoro ya wenzake. Wanaolala juu ya mkeka chini wasijidhanie wamesalimika, kwani mkeka una nyuzi na nyuzi zina nafasi.

Na akiwakuta? Hapa ndipo pagumu, kwa sababu sisi ni watu wa sitara. Mgeni huona haya kumfedhehesha aliyemkaribisha, akanyamaza siku tatu, akaondoka na wadudu wake, naye mwenyeji akabaki na waliosalia wakizaana. Jamaa wanaofuata chumbani humo nao hupata fungu lao. Ustahi wa namna hiyo unawadhuru wote wawili. Tunaona kwamba neno likisemwa mapema, faraghani, na mtu mzima mmoja kumwambia mwenye nyumba mmoja, halivunji heshima. Maneno yenyewe hayahitaji ufundi. "Mamangu, niwie radhi. Nimekuta kunguni kwenye godoro la upande wa dirisha, na huenda wameingia na mizigo yetu sisi wageni. Nipe maji moto tusaidiane kabla wenzetu hawajarudi." Ndani ya maneno hayo hamna tuhuma, na kuna mkono wa kazi. Mwenyeji mwenye busara atajibu: "Ahsante mwanangu kwa kuniambia mimi." Jambo likikomea hapo chumbani, sitara imehifadhika. Si vyema kabisa kupiga picha ya godoro la mtu na kuisambaza katika kundi la simu la ukoo. Hilo tunalisema kwa uchungu, maana limekuwa desturi.

Silaha ya kweli dhidi ya kunguni ni joto. Nyuzijoto 50 za Selsiasi humuua yeye na mayai yake kwa muda mfupi. Maji yanayochemka yakimwagwa juu ya kitanda cha kamba, kama walivyofanya bibi zetu, yanafanya kazi barabara, mradi kitanda kitolewe nje na watoto wasogezwe. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, na pasi moto ipitishwe polepole juu ya mishono ya zile zinazostahimili. Jua pekee halitoshi kwa godoro. Sifongo hupata joto juu, na kunguni huhamia chini penye ubaridi. Kuanika ni kuzuri, lakini kwa vitu vyembamba vilivyotandazwa, si kwa godoro nene.

Sumu ni habari nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walidhani DDT imemaliza kazi, lakini mwaka 1947, katika mabweni ya wanamaji pale Pearl Harbor, walionekana kunguni wasiokufa kwayo. Zikafuata dawa za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto tunalolima hapa Kenya, na hizo nazo zimezoewa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Tanzania, majirani zetu, vilivyokuwa vikitumia vyandarua vyenye dawa. Kunguni wa huko walikuwa wameshajenga usugu. Mwenye kuona kunguni wakitembea juu ya chandarua asikitupe kwa kudhani hakifai. Kunguni hajathibitika kumwambukiza binadamu maradhi, ilhali mbu anaua kwa malaria.

Hofu yetu kubwa ni juu ya vile vichupa visivyo na maandishi vinavyouzwa sokoni na mlangoni. Baadhi ni dawa za shambani, hazikukusudiwa chumba anacholala mtoto mchanga. Mafuta ya taa nayo yamekwisha unguza nyumba. Baya zaidi ni zile tembe za kuhifadhia nafaka ghalani, ambazo zikipata unyevu hutoa gesi ya sumu. Katika miji ya Ghuba, ambako wengi wetu tuna jamaa, wamekufa watoto kwa gesi hiyo iliyopenya kutoka nyumba ya jirani aliyekuwa akiua wadudu. Mwenye kuhitaji dawa amwite mtaalamu aliyesajiliwa, amuulize jina la dawa, na muda wa kukaa nje kabla ya kurudi ndani. Akikataa kujibu, asilipwe.

Wako wenye kuuliza juu ya kidoa cha damu kwenye nguo ya kusalia. Mafaqihi wa madhehebu ya Shafi wameisamehe damu kidogo ya kiroboto na mfano wake kwa uzito wa kujiepusha nayo. Aliye na shaka zaidi amwendee sheikh wake.

Lipo pia jambo moja la ajabu. Katika nchi za Balkani, watu wa zamani walikuwa wakitandaza majani mabichi ya maharagwe sakafuni kando ya vitanda, na asubuhi wakiyafagia na kuyachoma moto pamoja na kunguni walionaswa. Wengi waliona ni hadithi za vikongwe. Mwaka 2013 wanasayansi wa Marekani waliyatazama majani hayo kwa darubini na kukuta vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, vinavyomchoma kunguni miguuni na kumzuia asitoke. Jani lazima liwe bichi, na haliwamalizi wote, lakini halina sumu.

Mnaporejea nyumbani, mizigo isiingie vyumbani. Ifunguliwe barazani au uani, mchana wa jua, juu ya shuka nyeupe ambayo mdudu hatajificha juu yake. Nguo zote, zilizovaliwa na zisizovaliwa, ziende moja kwa moja kwenye maji moto. Mabegi yakaguliwe kila mfuko na kila zipu, yapigwe brashi kwenye mishono, kisha yawekwe ndani ya plastiki iliyofungwa, mbali na vitanda. Viatu visisahauliwe. Baada ya wiki mbili, na tena baada ya nne, mama achukue taa ya simu na kuyakagua magodoro ya nyumbani kama alivyoyakagua ya ugenini, kwa kuwa yai moja lililopita kwenye pindo la kanga litakuwa limeshaanguliwa na mtoto wake ameanza kunywa. Akiona dalili, awapigie simu waliolala naye chumba kimoja Lamu, kila mmoja kwa faragha, nao wakague kwao wiki hiyo hiyo.