Ngazi Isiyokanyagwa

Ukisimama juu ya ukuta wa bwawa la Pitlochry, Uskoti, acha kwanza kuitazama mitambo ya umeme. Tazama pembeni, kwenye mfereji wa zege unaojikunja kama nyoka, dimbwi juu ya dimbwi, kutoka mto Tummel chini hadi ziwa Faskally juu. Urefu wake ni mita 310. Ni ngazi hiyo, ila haijawahi kukanyagwa na mguu: wapandaji wake ni samoni.

Samoni wa Atlantiki huanguliwa kwenye changarawe mtoni, huenda kunenepea baharini, wengine hata karibu na Greenland, kisha hurudi kutaga kwenye mto aliozaliwa. Akifika karibu, pua ndiyo humwongoza, maana harufu ya maji ya kwao haijamtoka. Lakini akishaingia mtoni huacha kula. Safari nzima iliyobaki huiendesha kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, na mafuta hayohayo ndiyo ya kutengenezea mayai. Kwa hiyo kila siku anayozuiliwa mahali ni hasara.

Sasa mwekee ukuta wa zege mbele yake. Mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa, Tom Johnston, waziri aliyesimamia mambo ya Uskoti, alifanikisha sheria ya kuleta umeme wa maji kaskazini mwa nchi hiyo. Wenye mito ya uvuvi hawakufurahi, nao wenye hoteli wa Pitlochry walipiga kelele kwamba bwawa lingewafukuzia wageni. (Leo wageni huja kulitazama bwawa lenyewe.) Sheria ile iliweka kamati ya kulinda uvuvi, na bwawa lilipomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ngazi ilikuwepo.

Wengi hudhani samaki huipanda kwa kuruka, dimbwi hadi dimbwi, kama kwenye picha za kalenda. Kuruka anajua kweli: kwenye maporomoko, penye kina cha kutosha chini yake, samoni mkubwa huweza kupaa zaidi ya mita 3. Ila kuruka kunamaliza nguvu, na akikosea anajibamiza. Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa Pitlochry. Madimbwi yao 34 yamepandana kidogokidogo, kama nusu mita kila moja, na chini ya maji kuna bomba linalounganisha dimbwi na jirani yake. Samaki hupenya humo kimyakimya, na ukitazama kwa juu huenda usimwone kabisa. Madimbwi 3 ni makubwa kuliko mengine. Hayo ni ya kupumzikia.

Humo samaki huelea akiuelekezea mkondo pua, mkia ukipepea taratibu, mdomo ukifunguka na kufumba. Dume aliyekaribia msimu wa kuzaana utamtambua kwa taya la chini, lililojikunja mbele kama ndoana. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu hadi ukate tamaa. Halafu mkia unapiga mara moja, na pale alipokuwa pamebaki maji tu.

Shida kubwa ya ngazi yoyote ya samaki, hata hivyo, ni mlango. Samoni hufuata maji yanayokwenda kwa nguvu, na penye bwawa la umeme nguvu hiyo hutoka kwenye turbaini. Ukiujenga mlango mbali na hapo, samaki watajazana mbele ya mitambo, wakisukumana na mkondo usiowafikisha popote. Ndiyo maana mjenzi huusogeza mlango karibu na maji ya mitambo, akauachia mkondo wake wa kumnong'oneza samaki: njia ni huku.

Nao wanaopita huhesabiwa bila kuguswa. Mwili wa samaki hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mto yale, basi akipita juu ya vyuma vyenye umeme hafifu, chombo hushtuka na kuandika mmoja. Kwa wastani wamekuwa wakipita maelfu kwa mwaka, wengi wao kati ya Aprili na Oktoba. Maji yakipoa sana, samoni hapandi, na ngazi hubaki na mlio wake tu.