KIMBUNGA: JINSI KINAVYOZALIWA NA KUKUA BAHARINI

Kwa muda mrefu imekuwa ikisemwa barazani kwamba visiwa vyetu havifikiwi na kimbunga, kwa kuwa viko karibu mno na mstari wa Ikweta. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli kamili, na inafaa sababu yake ifahamike.

Chakula cha kimbunga ni joto la bahari. Maji yanapofikia nyuzi joto 26.5 za Sentigredi au zaidi, na joto hilo likashuka hadi kina cha mita 50 hivi, mvuke mwingi hupanda angani. Mvuke huo ukipoa huko juu hugeuka matone ya mawingu, na hapo hulitoa lile joto uliolichukua baharini. Hewa hupata joto, ikawa nyepesi na kuzidi kupanda. Chini hubaki mgandamizo mdogo, na upepo wa pande zote hukimbilia mahali hapo ukibeba mvuke mpya. Kadiri upepo unavyokaza ndivyo mvuke unavyozidi, na mvuke ukizidi upepo nao hukaza tena.

Hata hivyo, joto peke yake halitoshi. Ni lazima upepo uzunguke, na kinachouzungusha ni mzunguko wa dunia yenyewe. Athari hiyo haipo kwenye Ikweta. Huongezeka kadiri mtu anavyokwenda kusini au kaskazini, na kwa kawaida haitoshi kuzaa kimbunga chini ya digrii 5. Pemba iko digrii 5 hivi kusini, na Unguja digrii 6. Tuko mpakani basi, wala hatuko nje ya mpaka. Aidha, pepo za juu zikitofautiana sana na za chini, mawingu husambaratika kabla kimbunga hakijakamilika.

Katika eneo letu, msimu wake hasa ni Novemba hadi Aprili. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa dhoruba hupewa jina. Ukifikia 118 ndipo huwa kimbunga kamili. Kikiingia nchi kavu, au kwenye maji ya baridi, hunyimwa mvuke na hudhoofika.

Wenye kumbukumbu ya historia wanajua yaliyotokea Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash. Kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoshika uongozi wa zao la karafuu. Karibu zaidi, kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, msimu ukihesabiwa umekwisha. Kilikuwa kimekwishapungua nguvu, lakini safari za boti kati ya Unguja na Dar es Salaam zilisitishwa.

Wavuvi na manahodha wazingatie jambo moja zaidi. Katikati ya kimbunga huwa pana jicho, na humo huwa shwari. Upepo mkali ukikatika ghafla, asitoke mtu kwenda kutazama ngalawa wala paa lake. Jicho likishapita, upepo hurudi kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili.