ODA ZA WATEJA ZINAKUPOTEA? TUMIA UBAO WA KADI

Leo tuongee kuhusu oda, hasa kipindi hiki pesa ya korosho ikiingia, kila mtu Ruangwa na Nachingwea anataka bati, simenti na sola kwa wakati mmoja.

Msimu mmoja mzee kutoka Mbekenyera alinilipa bati 24 za geji 30, pesa yote. Nikaandika kwenye daftari. Baada yake zikaja oda nyingine kama 15, ukurasa ukafunguliwa mwingine, oda yake ikabaki huko nyuma. Mvua ya Desemba ikaja, nyumba haina bati. Alipofika dukani hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, mimi nilijua umeshaagiza." Ile kauli iliniuma kuliko matusi.

Tatizo halikuwa uvivu. Daftari linakuambia oda iliingia lini, halikuambii imefika hatua gani.

Hapo ndo nikajifunza kanban. Ni neno la Kijapani, maana yake kibao. Kiwanda cha magari cha Toyota, chini ya Taiichi Ohno, kilitumia kadi: kadi ikija ndo kifaa kinatengenezwa au kinaletwa, isipokuja hakiletwi. Wazo lenyewe walilipata kwa supamaketi za Marekani, ambazo hujaza rafu kulingana na kilichonunuliwa. Kwa hiyo usione ni mambo ya maofisi, asili yake ni duka kama lako.

JINSI YA KUFANYA

1. Chora safu tano: Oda mpya, Imelipiwa, Imeagizwa, Ipo dukani, Imekabidhiwa.

2. Kila oda kadi moja. Andika jina la mteja, simu, mzigo na kipimo chake, kalipa kiasi gani, na siku uliyomwahidi.

3. Kadi inasogea kulia pale tu jambo likishafanyika. Hujatuma pesa kwa muuzaji wa jumla? Basi kadi isikae "Imeagizwa". Usijidanganye mwenyewe.

4. Weka kikomo. Mimi safu ya "Imeagizwa" haizidi kadi 5, maana ndo ninazoweza kufuatilia Mtwara na Dar bila kuchanganya. Ya sita ikija namwambia mteja ukweli: "Mzigo wako naagiza wiki ijayo, ukitaka pesa kaa nayo kwanza." Wengine wataenda kwingine, sawa. Ni bora kuliko kuja kudaiwa.

5. Asubuhi soma ubao kuanzia kulia. Mzigo ulio dukani ukabidhiwe kwanza, halafu fuatilia ulioagizwa, mwisho ndo oda mpya. Wengi tunakimbilia oda mpya kwa sababu ina pesa mkononi, wakati wa zamani anasubiri.

Kwenye simu kuna programu ya Trello, ipo tangu 2011 na ina sehemu ya bure. Unaandika safu zako kwa Kiswahili, unavuta kadi kwa kidole, unaweka picha ya risiti na tarehe ya mwisho. Mtandao ukikata unaendelea kuandika, ukirudi inajipanga yenyewe. Ukiwa na kijana wa dukani, mwingize naye, ili hata ukiwa safarini ajue mteja wa kumpigia.

Huna simu janja? Manila ukutani na vikaratasi vinatosha. Ila namba za simu na pesa za wateja zisikae wazi, ubandike upande wa ndani.

Jambo la mwisho: kadi zote zilizo katikati ni pesa za watu, sio mtaji wako. Ukiona zimejaa na droo haina kitu, simama, kuna mahali umezitumia.

Leo jioni funga duka, chukua oda zote ambazo hujakabidhi, uziandikie kadi. Inawezekana kuna mzee wako humo umemsahau. Mpigie kabla mvua haijaanza.